Ukianguka, Nani Atakubeba?

Msimu huu wa kahawa mtoto wa kaka yangu ameuletea ukoo jambo ambalo limetunyima usingizi. Anataka kuuza sehemu yake ya shamba huko Bwesumbu, amlipe wakala wa ajira, aende kufanya kazi ya ulinzi katika nchi za Ghuba. Ni kijana mchapakazi, ana mke na watoto, na pikipiki anayoendesha mjini Kasese ni ya mtu mwingine. Kila jioni anapeleka hesabu ya mwenye pikipiki na kubaki na kidogo mno. Wazee wamesema ardhi ya babu haiuzwi. Vijana wenzake wamemuunga mkono: mpaka lini tutabaki kuhesabu mibuni huku wenzetu wanajenga?

Aliponipigia simu aliniuliza jambo moja: "Baba mdogo, wewe umeishi kote. Mahali pazuri pa kuishi ni wapi?"

Ni kweli nimeishi kwingi, ingawa karibu maisha yangu yote yamezunguka milima ya Rwenzori: Kilembe, Bwesumbu, Bwera, kisha Kampala na kurudi. Kila nilipohama nilikuwa nafuata riziki, na kila mahali palinifundisha jambo kuhusu yule anayebaki na wewe riziki inapokatika. Nayaandika mafunzo hayo hapa kwa mpangilio, kwa sababu swali la kijana huyu linaulizwa na maelfu ya vijana wa Kasese, na jibu la haraka linaweza kumgharimu mtu maisha yake yote.

Nilizaliwa Kilembe, baba yangu akiwa mchimbaji katika mgodi wa shaba. Mgodi ule ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, na shaba yake ilisafirishwa kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa. Watu walikuja kutoka kila upande wa Uganda, wengine kutoka Kenya, Rwanda na Kongo, wakapangwa katika nyumba za kampuni kando ya mto Nyamwamba. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Nilikijua kabla ya kuanza shule, kwa kucheza na watoto ambao mama zao walizungumza lugha tofauti na ya mama yangu.

Kampuni ilitupa kila kitu. Nyumba ilikuwa yake, shule yake, hospitali yake. Nakumbuka dirisha la mapokezi hospitalini, na karani aliyekuwa akiuliza jambo moja tu mama anaponifikisha nikitetemeka kwa malaria: namba ya baba. Mama aliitaja namba ile bila kufikiri, kama anavyotaja jina lake, na karani akaandika, tukapita. Hatukuulizwa pesa. Sisi watoto tuliijua namba ile kwa moyo kabla hatujajua kuandika majina yetu.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Katika miaka ya utawala wa Idi Amin wataalamu wengi waliondoka, vipuri vikaadimika, mitambo ikazeeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulisimama. Kwa baba mambo yote yalikwisha kwa pamoja: mshahara, nyumba, matibabu na namba. Wachimbaji waliokuwa wakionekana matajiri kuliko wakulima wote wa mlimani walijikuta hawana hata mahali pa kuweka vitanda vyao.

Kilembe ilinifundisha kwamba hifadhi inayotoka katika mkono uleule unaokulipa mshahara ina ubaya mmoja mkubwa: mkono huo ukifungwa, unapoteza vyote siku moja. Mtu anaweza kuishi mahali penye kazi nzuri na hospitali nzuri akadhani ana nguzo mbili, kumbe ana moja tu.

Tulipanda Bwesumbu tukiwa na magodoro, sufuria na sanduku la bati la baba. Gari lilituacha barabarani, njia iliyobaki tukaikwea kwa miguu, na mimi mtoto wa nyumba za kampuni nikashangaa jinsi ardhi ilivyokuwa imesimama wima. Mibuni ilishikilia mteremko pamoja na migomba, na chini kabisa uwanda wa Kasese ulikuwa ukimeremeta kwa joto.

Kilichonishangaza zaidi ni mapokezi. Siku za kwanza watu walikuja mmoja mmoja. Huyu alileta maharage, yule machipukizi ya migomba, wanaume wakakata miti na kutukandikia nyumba. Nilidhani ni huruma. Bibi yangu ndiye aliyenieleza. Miaka yote baba alipokuwa Kilembe hakuacha kutuma mchango wake katika kikundi cha kuzikana cha kijijini. Kila msimu alimtuma mtu kupalilia sehemu yake ya kahawa. Palipokuwa na msiba wa jirani alipanda mlima, hata kama ilibidi abadilishane zamu ya shimoni na mwenzake. "Baba yako hakuhama," bibi alisema. "Alikwenda kazini tu."

Maneno yale nimeyabeba hadi leo. Baba alikuwa amelipia mapokezi yetu kwa miaka mingi, kidogo kidogo, wakati ambao hakuna aliyedhani mgodi utafungwa. Wachimbaji wengine, waliokuwa wamekata uhusiano na kwao kwa sababu kwao palikuwa na umaskini na maombi yasiyokwisha, walibaki wakihangaika mjini Kasese.

Nilipokomaa mabega niliingia katika kikundi cha machela. Asiyewahi kuishi mlimani huenda hajui uzito wa jambo hili. Bwesumbu wakati huo ilikuwa na njia ambazo gari halipiti, na mgonjwa aliyezidiwa alibebwa na wanaume hadi barabara kuu ya Kasese na Fort Portal. Kila nyumba ilitoa mtu. Asiyefika bila sababu alitozwa faini.

Usiku mmoja tulimbeba mwanamke aliyekuwa katika uchungu tangu jana yake. Machela yetu ilikuwa miti miwili ya mkaratusi iliyolainishwa kwa mikono ya watu wengi, na blanketi lililoshonwa mara mbili pembeni. Wanne walibeba, waliobaki walitembea mbele na nyuma na mienge. Katika mteremko uzito wote huwashukia walio mbele, kwa hiyo mzee mmoja alitembea kando akiita majina ya kubadilishana kila kona, na hakukosea zamu ya mtu hata mara moja. Mvua ilikuwa imelowesha udongo. Tuliweka nyayo zetu palepale alipokanyaga aliyetangulia. Alfajiri tulifika barabarani, gari likapatikana, na mama yule akajifungua salama hospitalini. Bega langu liliuma kwa siku kadhaa, nami nilifurahia maumivu yale, kwa sababu nilijua siku yangu ikifika nitabebwa.

Huo ndio utajiri wa kijiji, nao ni utajiri wa kweli. Lakini machela hukomea mlangoni pa hospitali. Mabega hayalipi upasuaji. Mwaka 2001 serikali ya Uganda ilifuta malipo katika vituo vyake vya afya, na familia nyingi zilipumua. Hata hivyo dawa zinapokosekana mgonjwa huandikiwa karatasi akanunue mwenyewe. Hapo ndipo wakulima wetu huuza kahawa ikiwa bado ni maua. Mnunuzi anakuja, anatazama mti uliochanua, anataja bei yake, na mwenye mgonjwa hana nguvu ya kubishana. Wakati wa mavuno anachuma kahawa ambayo si yake tena.

Kuna mahali walipoliona pengo hili mapema. Huko Kisiizi, wilayani Rukungiri, hospitali ya kanisa ilianzisha mpango wa bima ya afya mwaka 1996 ukitumia vikundi vilevile vya kubeba wagonjwa na kuzikana. Watu walijiunga kupitia kikundi chao, wakachanga kabla ya ugonjwa, na mgonjwa alipofika hospitali sehemu kubwa ya gharama ilikuwa imekwisha kulipwa. Hakuna aliyelazimika kujenga uaminifu mpya, kwa kuwa ulikuwepo tangu zamani. Kilichoongezwa ni daftari la bima.

Na daftari la kikundi chetu cha machela ndilo lililonionyesha upande mwingine wa kijiji. Mwanamke mmoja wa ukoo jirani alirudi kutoka mjini akiwa mgonjwa sana. Alikuwa ameondoka msichana, hakuwahi kuchangia, na kaka zake walikuwa wameoa na kuhesabiwa kila mmoja kwa nyumba yake. Alipozidiwa, watu walikaa chini ya mti kujadili kama abebwe. Wapo waliosema akibebwa bila kulipa, kesho nani atalipa? Mjadala ulichukua nusu siku. Mwishowe kaka yake mkubwa alilipa malimbikizo ya ada na jogoo wa faini, ndipo machela ikainuliwa. Alifika hospitali, lakini saa zile alizolala ukumbini akisikia watu wakimhesabu sijazisahau.

Tangu siku ile siwezi kusifu hifadhi ya kijiji bila kuuliza ni ya nani. Kwetu ardhi huenda kwa watoto wa kiume. Binti hulindwa akiwa chini ya baba, kisha chini ya mume. Akiachika au akibaki peke yake, jina lake huenda lisiwe katika daftari lolote. Kijana wa kiume anayeacha Bwesumbu anaacha shamba na mabega ya watu. Dada yake anayeondoka pengine anaacha kidogo zaidi ya hapo. Tusiwashangae mabinti wetu wanapokuwa wa kwanza kupanda gari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 niliteremka kwenda Bwera kufanya biashara. Bwera na Mpondwe ziko ukingoni mwa nchi. Ukivuka mto Lhubiriha uko Kasindi, Kongo. Bidhaa zilipita kila upande: vitenge, mawese, kahawa, maharage, sabuni, chumvi ya Katwe. Wakonzo wa upande wetu na Wanande wa upande wa pili ni ndugu, lugha zao zinasikilizana, na kwa wageni wote kulikuwa na Kiswahili. Kwa mtu aliyezoea kusubiri msimu wa kahawa, kuona pesa kila siku ya soko kulikuwa kama kuhamia dunia nyingine.

Hifadhi ya pale ilikuwa jina lako. Mama mmoja mfanyabiashara wa upande wa Kongo alikuwa akinipa vitenge kwa mkopo bila karatasi. Alinitazama usoni, akataja siku, nami nikahakikisha siku hiyo hainipiti. Tulikuwa pia na kikundi cha kuweka na kukopa. Kila siku ya soko tuliweka fedha katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake zikashikwa na watu watatu tofauti.

Mnamo Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe. Tulikimbia na nguo za mwilini. Niliporudi, kibanda kilikuwa wazi na hakukuwa na hata kipande cha kitenge. Kikundi chetu cha akiba hakikuweza kunisaidia, kwa kuwa kila mwanachama alikuwa amepoteza kama mimi. Sanduku lilifunguliwa, kila mtu akachukua kilicho chake, tukatawanyika. Aliyenishika mkono ni yule mama wa Kongo, ambaye duka lake lilikuwa mbali na mashambulizi. Alinitumia mzigo mdogo na neno moja tu: nitamlipa nikisimama.

Hapo nikaanza kuuona mpaka wa misaada yetu ya ujirani. Inafanya kazi vizuri sana mmoja anapoanguka na wengine wamesimama. Tukianguka wote kwa siku moja, jirani yako hana cha kukupa, si kwa uchoyo, ila yeye naye yuko chini. Siku hiyo anayekufaa ni yule aliye mahali ambapo balaa halijafika.

Bwera imejaribiwa tena na tena. Juni 2019 homa ya Ebola iliingia kutoka Kongo na mtoto wa miaka 5 akathibitishwa kuwa nayo katika hospitali ya Bwera. Mwaka 2020 mpaka ulifungwa kwa watu kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliendelea, lakini kina mama waliovuka kwa miguu na beseni kichwani walikatiwa riziki. Kisha usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Wazazi wa wanafunzi hao walikuwa wamejinyima kulipa ada wakiamini elimu ndiyo kinga ya mtoto. Anayepima fursa za mpakani lazima aweke usalama katika mizani kabla ya faida yoyote, na serikali inayotaka watu wakae na kufanya biashara pale ina deni la kuwalinda.

Baada ya Mpondwe nilikwenda Kampala. Nilipanga chumba kimoja katika mtaa wa mabondeni ambako mvua ikinyesha tulipandisha vitu kitandani, nikapata kazi ya stoo kwa mwajiri mwenye wafanyakazi wanne. Idadi hiyo ilikuwa na maana yake. Sheria ya wakati ule ilimlazimu mwajiri kuchangia mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, NSSF, kama ana wafanyakazi watano au zaidi. Sisi tuliishia wanne, tukabaki nje.

Nilipougua homa ya matumbo mshahara wangu ulikoma siku niliyoacha kufika kazini. Aliyenipikia uji ni jirani wa chumba cha pili, mtu wa mashariki ya nchi ambaye hata jina la kijiji chetu hakuweza kulitamka. Baadaye walikuja watu wa chama cha Wakonzo waishio Kampala, wakanilipia dawa. Chama kile kilianzishwa hasa kwa ajili ya kusafirisha maiti kurudi nyumbani, lakini kilikuwa kimejifunza kuwatunza wanachama wakiwa hai. Nikatambua kwamba watu wetu, popote waendapo, hukiunda upya kijiji. Kazi yangu ikawa kukitafuta mapema, nisingoje niugue.

Kazi iliyofuata ilikuwa kwa mwajiri mkubwa aliyechangia NSSF. Kila mwezi alinikata asilimia 5 ya mshahara, naye akaongeza asilimia 10. Nilipoona makato yale mara ya kwanza nilinung'unika kama kila mtu. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa: kila mwajiri sasa anapaswa kuchangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja, na mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuweka akiba kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Mimi nilichukua yangu, nikang'oa mibuni iliyozeeka Bwesumbu na kupanda mipya. Pesa ya mjini ilipanda mlima, ikageuka shamba. Bila ile asilimia 5 niliyoinung'unikia, shamba lingekuwa pori.

Mafuriko ndiyo yaliyokamilisha somo langu. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ilifurika na kupita katika nyumba za Kilembe nilikokulia, ikaharibu pia hospitali. Mei 2020 ikafurika tena, safari hii pamoja na Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha. Mawe makubwa kuliko matrekta yalisukumwa na maji kama mipira. Binamu yangu, aliyebaki Kilembe na familia yake, alipoteza nyumba na kila kilichokuwemo. Kikundi chake cha akiba kilikuwa imara, kina katiba na mihuri, lakini mweka hazina mwenyewe alikuwa amekaa juu ya jiwe akitazama mahali ilipokuwa nyumba yake. Watu wengi walihamishiwa kambini Muhokya, wakaishi huko kwa muda mrefu kuliko walivyoambiwa.

Msaada wa kwanza uliomfikia binamu ulitoka Bwesumbu, magunia ya mihogo na mikungu ya ndizi, kwa sababu mlima wetu ulikuwa umesalimika. Wa pili ulikuja kwa simu kutoka chama cha Kampala. Miaka miwili baadaye, Septemba 2022, maporomoko ya udongo yaliua watu huko Rukoki, yakatukumbusha kwamba mlima nao hauna dhamana. Safari ile msaada ulipanda kutoka bondeni. Familia zilizonusurika vizuri katika miaka ile zilikuwa na mguu mmoja mlimani, mwingine mjini, na jina lao katika madaftari mawili au matatu.

Kuna mkono mmoja zaidi, ule wa serikali, ambao tulizoea kuudharau. Mama yangu amepita miaka 80, na chini ya mpango wa serikali wa ruzuku kwa wazee, SAGE, anapata shilingi 25,000 kwa mwezi. Ukizitaja Kampala watu wanacheka. Nilipomuuliza anazifanyia nini, alinionyesha kadi yake ya kikundi cha kuzikana: imejazwa yote, kwa pesa zake mwenyewe. Zamani ada yake ililipwa na wanawe, na alipokaa mkutanoni alikaa kama mtu aliyefadhiliwa. Sasa anazungumza kama mwanachama. Ruzuku ile haikuwafukuza majirani. Imemnunulia nafasi yake kati yao. Mzee jirani yake, ambaye kila mtu anajua ni mkubwa kuliko mama, hapati kitu kwa kuwa kitambulisho chake cha taifa kimeandikwa mwaka wa kuzaliwa usio sahihi. Wilaya ingetuma watu wa kurekebisha makosa haya parishi kwa parishi, wazee wengi wangelala wameshiba.

Sasa nirudi kwenye swali la Ghuba. Vijana wetu wanaokwenda huko wanapata mishahara ambayo Kasese haiwezi kuwapa, na nimeona nyumba nzuri zilizojengwa kwa jasho lao. Lakini kibali cha kuishi kule kimefungwa na kazi. Kazi ikiisha, safari ya kurudi inaanza. Mpangilio huo unanikumbusha namba ya baba. Hata nchi zinazosifika kwa kuwatunza watu wake huwawekea wageni masharti: Uingereza, pamoja na matibabu yake ya umma, huwatoza wengi wenye viza za kazi ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, na huwazuia kupata misaada mingi ya serikali mpaka wapewe ukaazi wa kudumu. Hifadhi nzuri ya wenyeji huenda isiwe yako siku unaposhuka kwenye ndege. Yakupasa kuuliza ni lini itakuwa yako, na nani atakusimamia katika miaka ya kungoja.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mahali pazuri pa kuishi, namuuliza yeye mambo matatu. Mshahara ukikoma kesho, ni kitu gani kingine kitakoma nao? Ukianguka peke yako, nani anawajibika kukubeba, na umemlipa nini mpaka sasa? Na mkianguka wote mahali ulipo, nani yuko mbali na balaa hilo mwenye sababu ya kukukumbuka? Mahali penye majibu mawili mazuri panafaa kuishi hata kama mshahara ni mdogo. Mahali pasipo na jibu hata moja ni pa kufanya kazi kwa muda, ukijua unakoegemea.

Kwa kijana wetu nimesema aende kama moyo wake umeamua, maana wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, nami sitaki awe ombaomba wa ukoo. Asiuze shamba. Alikodishe kwa misimu michache, na kiasi kilichopungua tumchangie sisi kama mkopo, kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtaka apate ridhaa ya mkewe kabla ya kuuza ardhi inayowalisha, na ridhaa hiyo iombwe kwa dhati, kwa kuwa mke na watoto ndio watakaobaki mlimani. Ada ya kikundi ailipe kwa simu kila mwezi, hata mwezi ule ambao mshahara umechelewa. Na jina la mkewe liandikwe katika daftari kama mwanachama kamili.

Hili la mwisho nimelipeleka kwa kikundi chenyewe. Nimewaomba wazee wa Bwesumbu wafungue daftari kwa mabinti, kwa wajane na kwa walio mbali, na waanze kuchangia matibabu pamoja na maziko. Wengine wamekataa, wengine wamekubali, mkutano utakaa tena baada ya mavuno. Nitakuwepo, na nitalisema tena. Anayechagua mahali pa kuishi kwa kutazama mshahara peke yake amezihesabu siku zake za afya tu. Siku za ugonjwa, za mafuriko na za uzee nazo ni zake, na zinapaswa kuanza kulipiwa sasa, akiwa na nguvu.